Nilivyotoka Chini ya Mzigo

Kanisani kwetu Chogoria, mtu akisimama kutoa ushuhuda watu hujiweka sawa vitini wakitarajia habari za pombe, kamari au ndoa iliyokaribia kuvunjika. Wangu hauna chupa ndani yake. Unahusu mizigo, mto na sauti. Kwa sehemu kubwa ya ujana wangu nilibeba mizigo ya watu nikiwa nimefunga mdomo. Leo watu hao hao hunifuata nyuma na kunisikiliza. Kilichonitoa huko na kunileta hapa ni safari ya miguu kando ya Mto Tana, kwenye njia walizopita wageni wa kwanza kutoka Ulaya.

Nianze na mlima. Anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria hukata msitu wa mianzi, akafika kwenye lango la hifadhi, kisha akafuata ukingo wa bonde refu ambalo chini yake limelala Ziwa Michaelson. Huko ndiko Mto Nithi unakoanzia. Sisi wapagazi, mapota kama tunavyoitwa mlimani, ziwa lile tulikuwa tunalipita tu. Asubuhi tuliondoka kambini baada ya wageni, tukawapita njiani, tukafika kabla yao ili wakute hema zimesimama na chai iko tayari. Mgongoni kulikuwa na mtungi wa gesi, masufuria, viti vya kukunja na mabegi ya watu ambao siku ya mwisho walinipa bakshishi bila kulijua jina langu. Sikuwa na kinyongo nao. Kazi ilikuwa na masharti yake: mpagazi habishani, haamui njia, na mgeni akimuuliza jambo humwelekeza kwa kiongozi. Nilijua wingu lipi huleta mvua ya mawe, kijito kipi huwa na maji hata Februari, na jiwe lipi huteleza asubuhi. Hakuna aliyehitaji kuyasikia hayo kutoka kwangu, nami nikazoea kuyaweka moyoni.

Machi 2020 korona ikaingia Kenya, mlima ukabaki mtupu. Dada yangu ameolewa Tharaka, kule chini kwenye joto, basi nikateremka kwa shemeji kumsaidia shamba la mtama na ndengu na kutunza mizinga ya nyuki. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye chai na ukungu, Tharaka ni ulimwengu mwingine. Kuna mibuyu, migunga, udongo unaounguza nyayo saa nane mchana, na mito inayotoka mlimani kwetu ikiwa baridi na kufika huku ikiwa vuguvugu. Maji ya Nithi niliyoyaruka nikiwa na mzigo kule juu, huku chini yanakwenda kuingia Tana.

Vizuizi vilipolegezwa, alikuja mwalimu mstaafu wa historia kutoka Mbeere. Alikuwa akiwatembeza watu kwa miguu kutoka Ishiara, kuvuka Mto Thuci hadi Tharaka, kushuka mpaka Tana na Maporomoko ya Kibuka, kisha kupanda na Kathita kuelekea Meru mjini. Wengine walikuwa wanafunzi wa vyuo, wengine wageni wa nje, wengine Wakenya wa Nairobi waliochoka kukaa ndani. Alihitaji watu wa kubeba maji, unga na mahema. Shemeji akanitaja. Niliichukua kazi ile kama nilivyozichukua zote: mgongo ni huu hapa, tulipane jioni.

Safari za kule chini zina taratibu zake. Unaondoka kabla ya jua, unapumzika mchana kwenye kivuli, unatembea tena alasiri, na jioni hukaribii ukingo wa Tana, maana mamba na viboko hawana ratiba ya wageni. Tulilala kwenye viwanja vya shule na kwenye miji ya watu waliotukaribisha.

Jioni moja, tukiwa tumepiga kambi mahali ambapo mto unasikika lakini hauonekani, Mwalimu alitoa kwenye mkoba kipande cha paipu ya bomba, robo tatu ya inchi, urefu wa mkono. Alikuwa ameziba upande mmoja. Akakijaza maji, akayamimina kwenye glasi. Hayakufika ukingoni.

"Haya," akasema, "ndiyo maji ya mtutu mmoja wa bunduki ya Krapf."

Akaeleza. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, alikwenda Ukambani mara mbili. Mara ya pili, 1851, alifuatana na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu kutoka Kitui, ambaye misafara yake ilikuwa ikishuka hadi pwani. Mwezi wa Agosti, walipokuwa wameukaribia Tana, walishambuliwa. Kivoi akauawa, watu wakatawanyika kila mmoja njia yake, na Krapf akabaki peke yake porini. Kiu ilimsukuma hadi mtoni. Hakuwa na kibuyu, hivyo akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, kisha akaanza kurudi Kitui, akijificha mchana na kutembea usiku. Alipofika kwa jamaa za Kivoi hawakumpokea kwa mikono miwili, kwa kuwa kiongozi wao alikuwa amekufa na mgeni alikuwa amepona. Ikabidi atoroke tena mpaka kituo chake cha Rabai, karibu na Mombasa.

Wageni walikuwa kimya wakiitazama ile glasi. Mimi nilikuwa nyuma, nikiosha sufuria. Mwalimu akanigeukia.

"Kijana wangu, wewe ndiye mwenye kazi hii. Hebu tuambie, wapagazi walikimbia kwa nini?"

Nilitazama nyuma yangu kuona anamwuliza nani. Kisha nikasema nililokuwa nalo. "Mwalimu, ukiwa na mzigo kichwani huwezi kugeuza shingo kuona mshale unatoka wapi. Jambo la kwanza ni kuutupa. Ukishautupa, tayari una deni kwa tajiri. Kwa hiyo ukipona, humrudii. Hao hawakukimbia vita tu. Walikimbia na hesabu ya ule mzigo."

Mwalimu akatoa kalamu akaandika. Mama mmoja wa Nairobi akaniuliza jina langu, nikamtajia, naye akaniuliza la pili: mzigo wa kichwani na wa mgongoni upi huchosha zaidi? Tuliongea mpaka moto ukapungua. Sufuria nilimalizia kuziosha asubuhi.

Nikitafuta mahali maisha yangu yalipopinda, ni hapo. Sikupewa pesa zaidi wala cheo. Niliulizwa swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo kuliko wote waliokaa pale.

Kesho yake alfajiri mlima ulikuwa wazi upande wa kaskazini-magharibi, vilele vyake vimesimama juu ya Mbeere nzima. Mwalimu akasema kwamba Krapf aliuona kwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, na kwamba wasomi wengine wa London walikataa katakata kuwa kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta. Lakini Krapf hakutegemea macho yake tu, alielezwa na wenyeji pia. Alikutana Ukambani na mtu wa Embu aitwaye Rumu wa Kikandi. Huyo alimwambia kwamba amefika mlimani mara nyingi, kwamba juu kuna kitu cheupe chenye baridi kali kinachomzuia mtu kupanda zaidi, na kwamba maji yanayotoka kwenye kitu hicho ndiyo yanayozaa Mto Tana.

Nilimwomba arudie. Mtu wa kwetu, aliyetembea kutoka Embu hadi Ukambani, alijua chanzo cha mto na sababu yake wakati wasomi wa Ulaya wangali wakibishana. Jina lake limebaki kwa bahati tu, kwa kuwa mgeni alikuwa na wino. Nikajiuliza wangapi waliwaambia wageni wangapi, na majina yao hayakuandikwa. Toka siku ile nilianza kuzifuata nyayo za Rumu zaidi ya zile za Krapf.

Mwalimu akaanza kuniazima vitabu. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, nikasoma polepole nikiwa na kamusi, usiku, kwa taa ya sola. Nilivisoma nikitafuta wale waliokuwa chini ya mizigo.

Kwanza nilitaka kujua uzito. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alibeba kwa kawaida ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32, na juu yake mkeka wake, chungu chake na posho yake. Ndani ya mzigo kulikuwa na vitambaa vya amerikani, shanga na nyaya za shaba, ambavyo ndivyo vilivyokuwa fedha za njiani: kununulia chakula na kulipia hongo kwa wenye nchi. Mshahara wa kawaida ulikuwa karibu dola 5 za Maria Theresa kwa mwezi, na wengi waliotoka Unguja na Mombasa walikuwa watumwa ambao sehemu ya mshahara huo iliishia kwa bwana zao. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, nyuma yake wapagazi, na wanyapara na askari wakihakikisha hakuna anayebaki wala kutoroka. Nilipoyasoma hayo niliutambua mpangilio wetu wa mlimani moja kwa moja. Askari tu ndio waliokosekana.

Kisha nikawafuata mmoja mmoja hao waliopanda Tana. Mwaka 1889 walifuatana wawili: Pigott wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na nyuma yake Carl Peters, Mjerumani ambaye Tanganyika walimwita Mkono wa Damu. Peters alipanda mto akilipia njia yake kwa risasi, akinyang'anya mifugo na chakula. Vilima na maporomoko aliyapa majina ya wakubwa wa kwao. Nimetembea upande huu wa Tana na wazee wanaojua kila kijito, na sijasikia hata moja la majina hayo likitumika.

Mwaka 1891 alikuja Kapteni Dundas na meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia. Ilipanda Tana mpaka maji ya kasi yalipoikatalia, na mizigo ikahamia vichwani. Pamoja naye alikuwa kijana Charles Hobley, mtaalamu wa miamba, ambaye baadaye alikuwa mtawala mkubwa katika koloni hili. Walijaribu kuupanda Mlima Kenya kutoka upande wa kusini wakashindwa na msitu wa mianzi. Nilicheka peke yangu niliposoma. Mianzi ile naijua. Ukiwa huna mtu anayejua vijia vya ndovu, utakata panga kutwa nzima na jioni utaona moshi wa kambi uliyotoka asubuhi.

Aliyenikamata zaidi ni Mmarekani tajiri, William Astor Chanler, aliyeondoka pwani 1892 pamoja na Ludwig von Höhnel, mwanamaji wa Austria. Hawa walifuata Tana kisha wakaingia milima ya Nyambene, wakaweka kambi kwa watu wa Meru na kutoka hapo wakafika Ewaso Nyiro, ambako maporomoko bado yanaitwa kwa jina la Chanler. Mwaka 1893 kifaru alimjeruhi vibaya Höhnel. Wapagazi wakambeba, mwendo wa majuma, hadi alipopata tabibu. Baadaye mwaka huo wengi wa wapagazi wakaondoka wakamwacha Chanler na bidhaa zake, na safari ikafia hapo. Yeye mwenyewe aliliandika jambo hilo kwa uchungu kama usaliti.

Mimi nimewahi kumshusha mgonjwa mlimani usiku, watu wanne kwa machela, na najua mikono inavyokuwa kesho yake. Nikiwasoma watu wa Chanler naona watu waliotembea mwaka mzima, wakambeba mtu mzima begani, wakapima kilichobaki cha nguvu zao na kilichobaki cha safari, wakaona havitoshani. Leo wafanyakazi wakifanya hivyo gazeti huandika kwamba wamegoma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na waandishi wa vitabu vile hawakuwa na mzigo kichwani.

Mwalimu aliponisikia nikisema hivyo mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu, alifunga daftari lake akasema kuanzia safari ijayo habari za Chanler ni zangu. Ndivyo nilivyoanza. Magoti yalinitetemeka kuliko yalivyowahi kutetemeka kwenye mteremko wowote.

Jambo la kwanza nililoliongeza lilikuwa la Ishiara. Siku ya soko, kabla hatujaondoka, huwa namwomba muuza nafaka mmoja atupimie ndengu kilo 30 kwenye mizani. Tunaufunga mzigo kwa shuka, namsokotea mgeni kata ya kitambaa kichwani, watu wawili wanamtwika. Sheria ni moja: tembea kutoka kwenye mizani hadi barabara ya lami, kisha urudi. Si mwendo wa kutisha. Lakini utaona mtu mrefu aliyejaa mwili akitembea kana kwamba ardhi imepata mawimbi. Shingo imejikaza, macho hayaoni tena soko wala watu, yanaona hatua mbili za mbele basi. Hapo ndipo huwaambia: mnayoyaona sasa ndiyo mpagazi aliyoyaona ya nchi hii, kutwa nzima, miezi mingi. Vitabu viliandikwa na waliokuwa na shingo huru.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mama mmoja muuza ndizi alitutazama kwa muda, akainuka.

"Mmemfanya nini mgeni wa watu, baba?" akaniuliza.

Akautoa ule mzigo kichwani kwa yule kijana, akaufunga mukwa, ule mkanda wa ngozi wa akina mama wa huku, akauweka ukanda kwenye paji la uso, akainama kidogo mbele, na mzigo ukakaa mgongoni kana kwamba umezaliwa hapo.

"Haya. Niupeleke wapi?"

Aliupeleka hadi lami akaurudisha, akiongea na wenzake njiani bila kuhema. Alipoushusha akanyoosha mkono, akataka pesa zake. Tulimlipa. Sasa yumo kwenye bajeti ya safari, na somo lake huwakaa wageni kuliko langu. Misafara ya wageni ilinunua unga, mtama na maharagwe kwa wanawake kama yeye. Bila vikapu vyao hakuna mvumbuzi ambaye angevuka Thuci akiwa hai.

Jambo la pili sikuliongeza mimi. Liliongezwa na mzee mmoja wa Tharaka, ambaye tulikuwa tumepiga kambi karibu na boma lake. Alisikiliza habari za Krapf na Peters na Dundas kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini tunahangaika na nyayo za watu wachache waliopita hapa wakiwa na haraka, hali wenyewe tuliupanda mto huu sote, wazee, watoto na mbuzi.

Akaanza kusimulia Mbwaa. Watu wa Meru wanasema walitoka kisiwa cha Mbwaa, pwani, ambacho wengi wanakilinganisha na sehemu ya Manda karibu na Lamu. Huko walitawaliwa na watu wekundu, Nguuntune, waliowapa mitihani isiyowezekana, kama kutengeneza mkuki unaofika mbinguni. Wakatoroka usiku wakiongozwa na mtu mwenye fimbo, wakavuka maji. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, waliovuka kunapambazuka Ndune, waliovuka mchana Njeru, na mafungu hayo ya koo yapo mpaka leo. Baada ya hapo walifuata Tana kupanda juu, kizazi kwa kizazi. Waliobaki huku kwenye joto ni Watharaka. Waliopanda na mito midogo ya mlimani wakawa Chuka, Muthambi, Mwimbi, Igoji, Imenti, Tigania na Igembe. Wanahistoria wengi huiweka safari hiyo karne ya 18.

"Sasa," mzee akamalizia, "hao wako waliokuja na meli walikuwa wanafuata njia ya nani?"

Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Tangu usiku ule matembezi yetu hayaanzi tena na Krapf. Yanaanza na Mbwaa, na wageni wa Ulaya wanaingia mahali pao: watu waliofika wamechelewa, kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa, wakiongozwa na wenyeji, wakilishwa na wenyeji. Tukiwa upande wa Embu huwa naeleza habari za Mwenendega, baba wa Waembu, ambaye msitu wake mtakatifu uko karibu na Runyenjes, na hutaja kazi ya H. S. K. Mwaniki, aliyekaa na wazee wa Embu na Mbeere akaandika maneno yao na kuyachapisha miaka ya 1973 na 1974. Msituni hatuingii. Tunasimama nje, tunaeleza, tunaendelea.

Sifichi upande mchungu. Safari zile zilileta ramani, na ramani zikafuatwa na bunduki. Mwaka 1906 majeshi ya Waingereza yaliivamia Embu, watu wakauawa na mifugo ikachukuliwa kwa maelfu. Mwaka 1908 afisa Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, akaweka kituo cha serikali Meru. Tunapofika Meru mjini huwa tunamalizia kwenye jumba la makumbusho, jengo la mawe ambalo wakoloni walilitumia kama ofisi ya mkuu wa wilaya. Huwaambia wageni wapige hesabu: tangu glasi ile ya maji ya Krapf mpaka ofisi hii ya mawe haijapita hata miaka 70.

Na mto wenyewe haukungoja. Bwawa la Kindaruma lilikamilika 1968, yakafuata ya Kamburu na Gitaru, la Masinga likakamilika 1981 na la Kiambere 1988. Sehemu ndefu ya Tana inayopakana na Mbeere sasa ni mabwawa yanayowasha taa za Nairobi, na vivuko vya zamani viko chini ya maji pamoja na mashamba ya watu. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba atakuonyesha kila hatua ya Krapf anakudanganya. Sisi tunakwenda mahali ambapo mguu bado unapita, na palipofunikwa tunasimama juu ya kilima tunaeleza.

Haya ndiyo mabadiliko yangu, niyataje kama yalivyo. Nilisoma, nikafanya mtihani wa daraja la shaba wa waongozaji wa watalii, nikapita. Mwalimu umri umemwelemea, sasa huja mpaka Ishiara kutuaga na kutukumbusha tarehe, na kikundi tunakiendesha sisi vijana na wanawake wa Mbeere na Tharaka. Mapato si makubwa. Lakini karo ya watoto inalipwa kwa wakati kuliko zamani, na shemeji huwauzia wageni asali kwa bei anayoipanga mwenyewe. Mke wangu analalamika kwamba zamani nilikuwa nikirudi nyumbani kimya na sasa sinyamazi hata mezani. Namwambia nalipa madeni ya miaka mingi.

Mabadiliko makubwa zaidi yako kwenye namna ninavyowatendea wanaobeba. Kila asubuhi mizigo inapimwa kwa mizani mbele ya wageni, na uliozidi unapunguzwa pale pale, hata kama ni wa tajiri. Mpagazi hula chakula tunachokula. Kabla hatujaondoka kila mmoja anajitambulisha kwa jina, kwao na jambo moja analolijua kuhusu njia: mmoja anajua mitego ya samaki, mwingine miti inayoponya tumbo, mwingine ndege anayetangaza nyoka. Wakati wa hadithi jioni, sufuria zinaoshwa kwa zamu na wote, wageni wakiwemo, ili asiwepo mtu wa kusikilizia nyuma. Kuna daftari la majina ya kila aliyetembea nasi, na anayebeba huandikwa katika orodha ile ile ya anayebebewa.

Mlimani bado napanda msimu ukiwa mzuri, kwa njia yetu ya Chogoria, sasa nikiwa kiongozi. Tukifika juu ya Ziwa Michaelson huwasimamisha watu wote, mapota na mizigo yao pia, nikawaonyesha Nithi unapotokea, nikawaeleza maji hayo yanakwenda wapi na ni nani waliyafuata kutoka baharini kuja juu. Wapagazi wa kwanza walishangaa kuambiwa watue. Sasa wao ndio hunikumbusha nikipitiliza.

Ushuhuda bila ombi kanisani kwetu haukubaliki, basi nami nina langu. Naliomba kwako wewe unayesoma na unayebebea wengine: mlinzi wa lango, dereva wa tajiri, mama wa vikapu, mhudumu wa wodi, utingo wa lori la muguka linaloondoka Kiritiri jioni. Unajua mambo ya kazi hiyo ambayo mwenye mali hayajui, kwa kuwa wewe ndiye uliye karibu nayo. Tafuta mtu wa kumwambia. Asipopatikana, nunua daftari uandike mwenyewe, tarehe na majina. Na wewe mwenye mzigo, jioni ukishatuliwa, muulize aliyekubebea ameona nini njiani. Mimi niliulizwa mara moja tu, na sijanyamaza mpaka leo.